Kabla ya Lami

Zamani safari ya kusini ilikuwa na mto katikati. Siku hizi Rufiji unavukwa na watu waliosinzia, na wakizinduka basi limekwisha kufika Somanga, wachuuzi wanagonga madirisha kwa korosho na maji ya chupa. Sisi tuliooana miaka ya 1980 tuliujua mto huo kwa kulala kando yake. Magari yalipanga foleni kusubiri pantoni la Ndundu, na pantoni lilikuwa na visa vyake: leo injini, kesho maji yamejaa, keshokutwa lori limekwama mlangoni na hakuna kinachopanda wala kushuka. Abiria walitandika kanga chini ya malori. Mama ntilie walikaanga perege, matingo walicheza bao, na usiku viboko walikoroma ng'ambo mpaka watoto wakasogea karibu na moto. Masika ikishika, foleni yenyewe haikuwapo. Barabara ilifungwa, na mwenye safari ya Lindi au Mtwara akangoja meli.

Mume wangu kwao Lindi, mimi kwetu Tanga. Yeye alikuwa mpima ardhi, mimi nilisomesha historia sekondari, na mtumishi wa serikali alilipiwa nauli ya kwenda kwao likizo. Kwa hiyo likizo moja tulikwenda ukweni kwangu, inayofuata ukweni kwake, na kwa kuwa hatukuwa na watoto bado, kila safari tuliichomekea mji mmoja wa zamani: Kilwa Kivinje, Mikindani, Pangani, Bagamoyo, mara mojamoja Unguja. Fedha za hoteli hatukuwa nazo, na mahali pengi hoteli zenyewe hazikuwapo. Tulilala gesti, au kwa mtu aliyejuana na shangazi wa mume wangu. Shangazi yule, Mungu amrehemu, alijuana na watu kuanzia Kilwa hadi Msimbati.

Kivinje ndipo nilipopapenda kuliko pote. Katika karne ya 19 misafara kutoka Ziwa Nyasa iliishia hapo, na mali ya mji ilikuwa pembe za ndovu na watumwa. Asiyekubali kulisema hilo asiusifie uzuri wa milango yake. Kisha wakaja Wajerumani, wakajenga boma likitazama bahari, na mwaka 1895 wakamnyonga Hassan bin Omari Makunganya aliyewapinga. Mwembe wa wanyongwaji umeacha jina mjini hadi leo, na upo mnara wa kumbukumbu unaowataja waliouawa. Hayo yote nilikuwa nikiyaandika ubaoni kwa chaki. Nilipofika mahali penyewe, na chini pwani mnada wa samaki unaendelea, wanawake wanabishania bei ya vibua, nilijua kwamba wanafunzi wangu nilikuwa nimewapa tarehe bila mji.

Mume wangu aliuona mji kwa macho mengine. Hakwenda popote bila tepu ya kupimia na daftari la jalada gumu, na tukikaribishwa ndani aliomba ruhusa ya kupima chumba. Urefu wa vyumba ulitofautiana: kimoja mita nne, kingine sita, kingine ukumbi wa kutosha harusi. Upana haukubadilika. Kivinje, Mikindani, Lindi, baadaye Pangani na Unguja, upana ulikuja kwenye mita mbili na nusu, mita tatu kasoro, haupiti hapo. Sababu ni boriti. Dari na sakafu za nyumba hizi zimelala juu ya miti ya mikoko, na mti wa mkoko ulionyooka na wenye nguvu ya kubeba mawe na chokaa hauna urefu zaidi ya huo. Mikoko bora ilitoka delta ya Rufiji. Majahazi yaliisomba mpaka Lamu, Unguja, Muscat na Ghuba yote, na watu wa huko, wawe masultani au wauza tende, waliishi katika vyumba vyenye upana wa mti wetu. Mume wangu alipolitambua hilo alifurahi kama aliyeokota pesa. "Mto unaotulaza njiani," aliniambia, "ndio uliozijenga nyumba zote hizi."

Mwenye nyumba moja ya Kivinje, mzee wa kofia ya kitambaa, alikuwa amekaa barazani akitutazama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Mnapima mpate kuinunua?"

"Hapana, mzee. Tunataka kuijua tu."

"Kama ni kuijua, njooni juu."

Alitupandisha ngazi polepole hadi chumba cha juu, akatuonyesha pembe moja ambapo bati lilikuwa limeachia kwa upana wa kiganja. Chini ya tundu lile ukuta ulikuwa na doa jeusi lililoshuka hadi sakafuni. Akaingiza kidole ilipoingilia boriti ukutani, akatoa unga wa mti. Nyumba ya mawe, alisema, haiuawi na miaka. Maji yakipata njia juu, chokaa ya ndani inalainika, vichwa vya boriti vinaoza vikiwa vimefichwa ukutani, na sakafu inashuka siku ambayo hakuna aliyeitazamia. Ndiyo maana alipanda juu kila mwaka kabla ya masika, na umri wake ule, akaziba kwa mkono wake. Watoto wake walikuwa Dar es Salaam na Unguja, mmoja ameolewa Muscat.

Nimekaa na maneno ya mzee yule muda mrefu, kwa sababu yanaeleza miji mingi kuliko ule wake. Kila mji tuliozuru ulikuwa umepitwa. Bagamoyo ulikuwa makao makuu ya Wajerumani mpaka 1891, yakahamishiwa Dar es Salaam, penye bandari ya kina. Pangani ulikuwa mlango wa misafara na mashamba ya miwa. Hapo ndipo Bushiri bin Salim, naye mpinzani wa Wajerumani, aliponyongwa Desemba 1889. Mwaka 1893 Wajerumani wakaanza kujenga reli ya Usambara, wakaianzia Tanga, na biashara ikaifuata reli. Mkonge nao, ambao miche yake ya kwanza nchini ilitiwa ardhini Kikogwe, ng'ambo ya mto kutoka Pangani mjini, ulikwenda kuineemesha Tanga. Kivinje ukanyang'anywa ofisi na Kilwa Masoko. Mikindani na Lindi zilipitwa na Mtwara, baada ya Waingereza kujenga bandari huko kwa ajili ya ule mpango wao wa karanga wa Nachingwea. Karanga hazikuota inavyostahili, reli yao iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, lakini bandari ilibaki Mtwara, na makao ya jimbo yalikwisha hama Lindi.

Mji ukipitwa, tajiri anahama. Anayebaki hana fedha ya kubomoa wala ya kujenga upya, kwa hiyo anakaa na alichonacho na kukiziba. Milango ile iliyochongwa, roshani za mbao, baraza za mawe ambazo tulizipiga picha kwa kamera ya kuazima, vilisimama kwa sababu hakuna aliyekuwa na hela ya kuviondoa. Uhitaji wa watu ndio uliozihifadhi nyumba hizo. Sikulifikiri hilo wakati ule, na sasa kila nikilifikiri linanipa uzito, maana nasi tulikuwa miongoni mwa watu waliosimama kwenye foleni ya Ndundu wakiomba uhitaji huo uishe.

Tuliomba kwa haki. Wifi yangu alijifungulia hapo Ndundu, juu ya lori la korosho, alipokuwa akikimbizwa Dar es Salaam, na wakunga wake walikuwa akina mama wa foleni ambao hakuwajua hata mmoja. Mtoto akaishi, mama akaishi. Si wote waliobahatika. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, karibu kilomita nzima ya zege juu ya maji yale, mama mkwe wangu alilia mbele ya redio. Kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita 60, kiliendelea kuwa tope kwa zaidi ya miaka kumi tena, na nacho kikapata lami yake. Kutoka Dar es Salaam hadi Lindi sasa ni safari ya mchana mmoja. Mtu akiniambia kwamba mambo yalikuwa mazuri kabla ya lami, namwomba akamuulize wifi yangu.

Hata hivyo basi siku hizi linapita Nangurukuru bila kupunguza mwendo. Kivinje iko kilomita chache tu kutoka hapo, lakini ni lazima uwe umemwambia kondakta mapema, naye akushangae. Mwaka juzi tulimwambia. Mume wangu sasa anatembelea fimbo, magoti yamemchoka, na bajaji ilitushusha karibu na boma. Bahari ilikuwa palepale na mnada wa samaki uleule. Tuliifuata njia tuliyoijua, tukaikuta nyumba ya yule mzee imebaki ukuta wa mbele. Mlango haukuwapo, fremu yake ilizibwa kwa matofali ya saruji. Nyuma ya ukuta kulikuwa na mpapai na banda la kuku. Mzee alifariki zamani, tukaambiwa, na warithi ni wengi mno. Kila mmoja ana fungu lake katika mirathi, fungu ambalo halitoshi kumfanya atengeneze, lakini linatosha kuwazuia wengine wasiuze. Katika mabishano hayo hakuna aliyepanda juu kabla ya masika.

Mume wangu alisimama pale akafungua daftari la zamani, ukurasa wa nyumba hiyo. Vipimo vyote vilikuwamo kwa penseli: ukumbi, ngazi, unene wa kuta, idadi ya boriti katika kila dari, hata upana wa lile tundu chini ya bati. Kijana mmoja aliyetusogelea akauliza kama ni ramani ya hazina. Alipoelezwa aliomba aone, akakaa muda akifuatisha mstari wa ngazi kwa kidole. Alizaliwa mtaa huohuo na hakujua kuwa nyumba ile ilikuwa na ghorofa.

Jirani yake kulikuwa na nyumba iliyotengenezwa, na hiyo ndiyo iliyonitia simanzi zaidi, kwa sababu mwenyewe alijitahidi. Alikusanya fedha, akaita fundi, wakazipaka kuta saruji nzuri, laini, na rangi ya buluu. Misimu miwili ya mvua haikupita kabla ya plasta kuanza kuvimba. Mume wangu alinieleza kwa subira ya mtu aliyeona hivyo mara nyingi. Chokaa ya kale ilichomwa kwa matumbawe: mawe ya bahari yalirundikwa juu ya magogo, moto ukayala mpaka yakageuka meupe, yakazimwa kwa maji na kulazwa shimoni muda mrefu kabla ya kutumika. Ukuta uliopakwa chokaa hiyo unapumua. Unyevu unaopanda kutoka ardhini unapata pa kutokea. Saruji haiuachii. Maji na chumvi hubaki ndani, ukuta unaloa tumboni, na saruji ikibanduka inaondoka na jiwe lake. Katika mji mzima tuliambiwa kuna fundi mmoja tu, mtu mzima, anayejua bado kuchanganya chokaa, naye kazi zake siku hizi ni makaburi na kisima kimoja cha msikiti. Saruji inauzwa kila duka. Sioni kwa nini mwenye nyumba alaumiwe kwa kununua kilichopo.

Mikindani hali ni tofauti kidogo. Boma la mwaka 1895 tulilijua likiwa gofu, mbuzi wakipanda ngazi zake. Katika miaka ya 1990 shirika moja la hisani kutoka Uingereza lililitengeneza likawa hoteli, na vijana wa mji wakapewa kazi na mafunzo humo. Najua wapo wanaokereka kuona nyumba iliyotutawala kwa kiboko ikitandikiwa vitanda vya wageni, tena na Wazungu. Mimi sikereki. Paa halivuji, boriti zimeshika, na mtoto wa shule anaweza kupandishwa juu akaonyeshwa ghuba ambayo mwaka 1866 Livingstone aliiacha nyuma kuanza safari yake ya mwisho. Ninachosikitikia Mikindani ni zile nyumba za wafanyabiashara chini ya boma, ambazo hakuna shirika lililozitazama. Gesi asilia ilipoleta watu na fedha Mtwara, kilomita kumi tu kutoka hapo, nilidhani baadhi ya fedha hizo zitatembea mpaka Mikindani. Zilipita kando, kwenye barabara mpya.

Lindi sitaisema sana, maana ni ukweni na kila kona ina mtu wangu. Jioni bado wanauza ming'oko iliyochemshwa, myembamba, yenye ladha ya udongo mtamu, na mume wangu bado anakula mpaka ninamnyang'anya.

Unguja ndiko tulikodhani kwamba mambo yamekwisha kuwa salama. Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, kukawa na sheria za ujenzi, wataalamu, na wageni wanaolipa. Tuliingia Beit al-Ajaib ilipokuwa jumba la makumbusho. Sultani Barghash aliijenga mwaka 1883, na mume wangu alitaka kuiona kwa sababu ya vipimo: hapa mjenzi hakukubali kubanwa na mkoko, akaleta chuma, akainua roshani juu ya nguzo za chuma kuizunguka nyumba. Ukumbini chini waliweka mtepe, jahazi la kushonwa kwa kamba za makumbi, lisilo na msumari. Mwenzangu aliinama karibu nao, akafuata mshono mmoja ubao hadi ubao, akaniita nione jinsi kila tundu lilivyozibwa. Tulisahau masultani wote waliokuwa kwenye picha ukutani.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya mbele ya nyumba ile ilianguka, mafundi wakiwa kazini kuikarabati. Watu wawili walikufa. Picha zilitufikia kwenye simu mchana huohuo, vumbi bado liko hewani. Mume wangu alizitazama, akaweka simu chini, akaniuliza kama ninakumbuka upana wa ukumbi ule. Nilikuwa sikumbuki. Alikwenda kulitafuta daftari, na Krismasi ile, majirani wakitupitishia sahani za pilau, sisi tulikuwa sakafuni na madaftari yote tukitafuta ukurasa wa Unguja. Haukuwamo. Siku ile, mbele ya mtepe, hakupima kitu.

Tangu hapo tumeanza kuyapanga madaftari. Mjukuu wetu anayesomea usanifu wa majengo amezipiga picha kurasa zote, anazichora upya kwenye kompyuta, na kila Jumapili anapiga simu kumuuliza babu yake tarakimu hii ni saba au moja. Zipo nyumba za Pangani humo, zilizopimwa tulipokuwa tukisubiri pantoni la huko. Nako linajengwa daraja, katika barabara ya pwani itakayoiunganisha Tanga na Bagamoyo kupitia Saadani. Ndugu zangu wa Tanga wanaisubiri kwa hamu, nami pia. Lakini safari hii tungependa kuitangulia.

Barabara ya kusini nayo, tumeona, haina dhamana. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata upande wa Somanga, na kwa siku kadhaa kusini ikarudi kuwa ya zamani. Mtoto wa wifi yangu, yule aliyezaliwa juu ya lori la korosho, sasa ni dereva wa lori yeye mwenyewe, na alikwama hapo. Alipiga simu usiku akasema akina mama wamekwisha kuinjika masufuria kando ya barabara, wanauza ubwabwa, na watu wametandika chini ya magari. Mama yake alimwambia avae soksi kwa ajili ya mbu.

Kwa kupitia yule kijana wa Kivinje nimempata mjukuu wa mzee wetu. Anauza vipuri vya pikipiki Kariakoo, na sauti yake ina uchangamfu wa babu yake. Babu, kumbe, aliacha nyumba ya pili, ndogo, karibu na msikiti, na hiyo bado ina paa. Amezungumza na ndugu zake wa Unguja na Muscat mmojammoja, kwa miezi, mpaka wamekubaliana isiuzwe kwanza. Amempata na yule fundi wa chokaa.

"Ila njooni kabla ya masika, mama," aliniambia. "Bati la upande wa kibla limeanza kuachia, na fundi anataka vipimo vya boriti kabla hatujaagiza."

Mikoko haikatwi hivihivi siku hizi. Ni misitu ya hifadhi, na lazima kibali kipatikane kwanza. Mume wangu ameanza kuandika barua ya maombi. Anaiandika kwa mkono, kwa mtindo wa serikali ya enzi zake, kumbukumbu namba juu na nakala chini, na ananisomea kila aya. Bado hajaamua aombe boriti ngapi. Anasema atajua akishapanda juu, nami namwambia atakayepanda ni kijana, yeye atasimama chini na daftari. Hilo bado tunabishana.